Madirisha ya Salfa

Juzi, nikiwafungia wanafunzi wangu madirisha vumbi la salfa lisiingie, nilimkumbuka mwalimu wangu, Mama Asumini. Siku moja, nikiwa mwanafunzi wake, jirani wa shule naye alikuwa akipulizia mikorosho salfa, dawa ya ukungu iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kuuzwa madukani, na vumbi lake la njano, lenye harufu ya kiberiti, lilitubana kooni. Mama Asumini alitusomea hadithi ya msichana aliyepanda treni. Nikadhani mji aliofikia ndio unaonuka vile.

“Mwalimu, mie siendi huko,” nilisema huku nakohoa.

Alicheka mpaka akafuta machozi. “Haya, wewe baki hapahapa Newala.”

Sasa hadithi ile naisoma mimi, katika darasa lilelile. Juzi binti mmoja aliniuliza, “Mwalimu, wewe treni ulishapanda?”

Nilikwenda kulikaza dirisha lililokwisha kufungwa.