Mkaratusi wa Mpakani

Mwalimu Jairo Nzunda aliinunua kamera yake Tunduma mwaka 1992, kwa dereva wa lori aliyekwama mpakani siku tisa mpaka akaishiwa fedha. Ilikuwa Zenit, nzito kama tofali. Mkewe, Ketrina, alidhani sasa harusi na ubatizo wa kijiji kizima cha Ihanda vitawaletea mboga. Akangoja. Jairo akawa anapiga picha za mteremko.

Kila mwaka, mvua za kwanza zikishaamsha maua ya kahawa na mashamba yakawa meupe, alipanda kwenye kichuguu nyuma ya shule, akasimama palepale aliposimama mwaka uliopita, akapiga picha ya upande uleule. Mkanda aliupeleka Tunduma kwa Sufiani, mwenye studio karibu na stendi. Sufiani alizisafisha, akazitazama, akamuuliza mbona hakuna harusi wala mtoto, miti tu. Jairo alicheka, akarudi na bahasha yake, akaandika mwaka nyuma ya kila picha kwa mwandiko ule wa ubaoni. Akizipanga mezani aliona mteremko ukinenepa na kukonda, na kwa muda ule hakuwa mwalimu wala mdogo wa mtu.

Kuwa mdogo wa mtu kulikuwa na uzito wake. Baba yao alikufa Jairo akiwa darasa la tano. Kaka yake Timotheo akaacha shule, akashika jembe, na kahawa yake ndiyo iliyomfikisha Jairo chuo cha ualimu. Timotheo hakuwahi kulitaja jambo hilo. Hakuhitaji.

Kwenye mteremko ule shamba la Timotheo lilipakana na la Wiliam, na mpakani ulisimama mkaratusi mkubwa. Wiliam alifariki mwaka 1998, akamwacha mkewe Fides na binti yao Tulinagwe, mwanafunzi wa Jairo. Msimu uliofuata Timotheo aliukata ule mti, akang'oa na kisiki, akapanda miche ya kahawa hatua thelathini ndani ya shamba la mjane. Aliyemuuliza aliambiwa mpaka ndio huo tangu enzi za baba.

Fides akapeleka shauri baraza la kata. Wazee walioujua mpaka walikuwa wameshazikwa. Majirani waliujua pia, lakini Timotheo ndiye aliyepima kahawa ya kijiji, na hakuna aliyetaka kukosana na mtu anayeshika mizani.

Siku tatu kabla ya baraza kukaa, Fides alimfuata Jairo shuleni, akamkuta anasahihisha madaftari. Alisema alikuwa akimwona miaka yote pale juu ya kichuguu, akawaza huenda mti umo kwenye picha.

Ulikuwamo. Katika picha ya mwaka 1996 Wiliam mwenyewe alisimama chini yake, jembe begani, akicheka, kwa sababu alikuwa akipita na Jairo akampigia kelele asimame kidogo.

"Picha za zamani ziliharibika, Mama Tulinagwe," Jairo alisema. "Paa lilivuja."

Fides alimshukuru, akampa pole kwa hasara aliyopata, akaondoka. Jairo alibaki na kalamu nyekundu mkononi.

Nyumbani alimweleza Ketrina. Alisema Timotheo ndiye aliyemsomesha, angewezaje kusimama mbele ya watu amwite mwizi. Ketrina aliendelea kuchambua mchele.

"Na kesho utasimama mbele ya Tulinagwe umfundishe nini?" aliuliza.

Baraza likampa Timotheo ushindi. Shamba lililobaki halikumtosha Fides. Akalikodisha, akahamia Mlowo kuuza maharage kando ya barabara, na Tulinagwe akaacha shule akiwa darasa la sita ili amsaidie mama yake. Mvua ziliponyesha mwaka ule Jairo alipanda kichuguu kama kawaida, akaweka jicho kwenye kamera, akaiona miche ya kaka yake imejipanga vizuri. Akashuka bila kupiga hata picha moja. Hakupanda tena.

Mwaka 2004 Timotheo aliuza kipande kile cha mpakani kwa mfanyabiashara wa Tunduma, naye akajenga ghala. Jairo alisikia habari dukani kama watu wengine. Akaenda kwa kaka yake, na kwa mara ya kwanza akamwambia kwamba anazo picha za mti.

"Najua unazo, mdogo wangu," Timotheo alisema, akimsogezea kigoda. "Najua pia hukuzitoa. Keti basi."

Jairo hakuketi. Wiki ile ile alipanda gari kwenda Mlowo na bahasha mfukoni, akamkuta Fides anapima maharage kwenye ndoo ndogo ya sado. Akampa picha ya mwaka 1996.

Fides hakuutazama mti. Alifuta kidole kwenye kanga, akakiweka kando ya uso wa Wiliam. Mumewe alizikwa bila picha. Mpaka siku ile hakuwa na picha yake hata moja, na Tulinagwe alikuwa ameanza kuisahau sura ya baba yake.

"Miaka yote hii alikuwa kwako?"

"Alikuwa kwangu."

Jairo akaanza kueleza habari za kukata rufaa, kwamba sasa yuko tayari kutoa ushahidi popote. Fides akamwambia pale pameshajengwa ghala. Aliifunga picha kwenye pindo la kanga, akamhudumia mteja aliyekuwa akisubiri, akamrudishia chenji. Kisha akamwambia Jairo, kwa sauti ya kawaida, kwamba Mlowo ina wauza maharage wengi, awe ananunua kwao.

Ketrina alikuwa amemwagiza maharage. Jairo akanunua sado mbili kwenye genge la tatu kutoka pale, na muuzaji akampimia huku akimsifu kwa kuchagua mbegu nzuri.