Fuwele Mbili Dirishani kwa Shangazi

Niliacha shule mapema, na sikuwahi kukaa mahali pamoja masika mawili. Muheza nilipakia machungwa, kisha nikajifunza ufundi wa redio. Niliporudi kwetu Usagara, mtaa ulio karibu na bahari, nilimkuta shangazi anakohoa. Dirisha lake linatazamana na mashine ya kusaga.

"Mafua hayo," alisema mwenye mashine nilipomlalamikia. "Unga wangu hautoki nje."

Nikaamua kuupima. Ndani ya redio mna fuwele, kijiwe chembamba ambacho ukikipa umeme hutetemeka, kwa mawimbi ambayo sikio haliyasikii. Vumbi likikigandia, hata lile lisiloonekana, mtetemo hupungua. Nilikitoa kwenye ganda lake la bati, nikakiunga na kifaa cha kuhesabu mitetemo, nikakiweka dirishani. Namba ikashuka. Nikatangaza mtaani kwamba vumbi la mashine linaingia kwetu.

Ijumaa mwenye mashine alipita kwetu akitoka msikitini. Mashine ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, na namba ilikuwa inaporomoka.

"Kumbe mimi nikienda kuswali, vumbi langu linabaki kazini?"

Baraza zima likacheka.

Sikukitupa kijiwe changu. Kitu kikinidanganya, nataka kujua kinadanganywa na nini. Niliingia ndani nikamkuta shangazi na chetezo, anafukiza udi kama kila Ijumaa. Moshi ulikuwa umenata kwenye fuwele. Hata siku nyingine namba iliyumba, kwa joto na unyevu wa bahari.

Nikaongeza fuwele ya pili, nimeikinga kwa kitambaa kinachopitisha hewa na kuzuia vumbi. Joto na unyevu huzipata zote mbili. Vumbi huipata moja. Nikawa nasoma tofauti yao tu. Kikwazo kilichobaki ni udi, maana moshi wake nao huipata moja.

"Shangazi, wiki hii fukizia uani."

"Chumba hiki nakifukiza tangu nilipoolewa. Leo nihamishwe na kijiwe? Na ukishindwa utabeba begi lako, kama kawaida."

"Sibebi."

Alihamisha chetezo akinuna. Ijumaa iliyofuata, mashine ikiwa imezimwa, tofauti haikusogea. Nikamwita mwenye mashine.

"Shikamoo. Washa mwenyewe, uje utazame."

Akavuka uchochoro, akawasha, akarudi. Tofauti ikaanza kukua. Akaenda kuzima, baada ya muda ikatulia. Akairudia kazi ile tena, ikawa vilevile.

"Bahati," alisema.

"Njoo na kesho. Mimi nipo."

Bado hajaziba dirisha la chumba cha mashine. Masika ya pili yameanza, fuwele zipo palepale, na nguo zangu nimeshazitoa kwenye begi.