Shimo Chini ya Bashi

Ndugu zangu, nichekeni tu. Jirani yangu Mama Zaina alichimba shimo uani, akalifunika na bashi, turubai la plastiki. Hapa Kolwezi, shimo chini ya bashi ni madini ya kobalti yanayochimbwa kwa siri! Tamaa ikanipanda kichwani. Nikakata jakaranda yetu kando ya ukuta wake, ile mama mkwe aliyotupandia tulipooana, nikaanza kuchimba palepale.

Shimo lilikuwa limenifika kiunoni, niko kifua wazi, Mama Zaina alipopiga hodi na bakuli mkononi.

“Tata, shimo yangu iko tayari. Nilifunika batoto basiangukemo. Nakuja kuomba mbegu ya muti yako ya maua. Mama mukwe wako ndiye alinishauri, tumekuja naye.”

Nikainua macho. Mama mkwe alikuwa amesimama, mkono juu ya kisiki cha jakaranda yake.