Kumbikumbi ya Mzazi

Jamani, mimi nilitoka hapa Bweyale, Uganda, kwa sababu ya binti yangu Poni. Alijifungua msichana kule Juba, na simu ikasema: mama, hakuli. Kila sahani anasukuma. Maziwa inakuja kidogo, mtoto analia. Anataka kumbikumbi tu, ile ya mvua ya kwanza, ya kusaga na mafuta ya lulu, ile ya mti wa shea, vile nilimzoesha akiwa mdogo. Sasa mimi ningekaa? Nikafunga leso, nikapanda basi.

Mpakani, Nimule, askari wakafungua mfuko yangu, wakakuta sufuria. "Haboba," ndivyo wanaita bibi huko, "unaenda vita ama kupika?"

"Kupika, mwanangu. Vita si mlisema imeisha?" Wakacheka, nikapita.

Nesitu, karibu kufika Juba, basi ikasimama katikati ya malori. Wamama wakakimbilia madirisha na mabeseni: kumbikumbi nyeusi, inang'aa! Na mimi, ati mtu wa maana, nikafunga dirisha. Nikasema hii ya barabarani ni ya madereva. Mimi nitanunua soko kubwa ya Juba.

Juba nilifika na vumbi mpaka kwenye meno. Poni alikuwa ndani ya nyumba yao Malakia, macho imeingia ndani. "Mama, umeleta?"

"Kesho, mama yangu."

Akageukia ukuta. Dirisha ile ya Nesitu ikaanza kuniuma.

Asubuhi boda ikanishusha soko ya Konyo Konyo. Wee! Maembe, bamia, majani ya kudra, samaki mkavu, asali ndani ya chupa ya soda. Nikauliza mama mmoja, nyanya hii inatoka wapi? "Uganda." Kabichi? "Uganda." Ndizi? "Bweyale!" Nikashika kiuno nikacheka: kumbe nimefuata ndizi ya jirani yangu! Na kumbikumbi?

"Ngoja mama wa Nesitu. Anakuja na beseni moja tu, inaisha mara moja."

Nesitu! Nikajipiga paja.

Akafika, beseni kichwani, chupa ya lulu mkononi. Tukamzunguka. Mbele yangu mama mmoja mnene, mpishi wa hoteli, akakumbatia beseni. "Nachukua yote!"

Nikapiga kelele huko nyuma: "Iko mzazi kwangu! Amejifungua juzi, hakuli!"

Watu wakanipisha, kwa sababu kwetu mzazi ndiye anachukua kwanza. Lakini mpishi hakuachilia. "Hata kwangu iko mzazi. Jana tu."

Muuzaji akamwangalia. "Mtoto anaitwa nani?"

"Rose!" Haraka kabisa.

"Na wako, haboba?"

"Hana jina bado," nikasema.

"Mnaona?" mpishi akasema. "Nyanya gani hajui jina ya mjukuu?"

"Nyanya wa ukweli," muuzaji akajibu. "Wewe dada ni mtu wa hapa kama mimi. Mtoto anapata jina siku mama yake anatoka nje, akimaliza siku zake za kukaa ndani. Huyu Rose wako wa jana, mama yake ametoka saa ngapi?"

Watu walicheka mpaka kuku zikaruka! Mpishi mwenyewe akaachilia beseni, akapangusa machozi. "Malesh, nisamehe, haboba. Bosi wangu anapenda sana hii kitu." Nikamwachia nusu. Muuzaji akanijazia lulu. Nikamuuliza jina. "Kiden," akasema.

Nyumbani nikasaga, nikamimina lulu. Poni alinusa tu, akakaa mwenyewe bila kushikwa. Akakula na asida, ugali ya huko, akalamba vidole, akasema, "Mama, ongeza." Kesho yake maziwa ikakuja, mtoto akanyonya mpaka akalala mdomo wazi. Na siku ya kutoka nje, mbele ya wanawake wote wa Malakia, Poni akaniambia, "Wewe uliyefuata chakula, wewe mpe mtoto jina."

Kurudi, Nesitu tena. Safari hii dirisha nilifungua kabla basi haijasimama. Nimejifunza: kwanza angalia beseni, halafu ndio ujione mtu wa maana. Kiden akaniona.

"Haboba! Mtoto amepata jina?"

"Amepata!"

"Nani?"

"Kiden!"

Alipiga vigelegele, madereva wakageuka wote, akamwaga beseni nzima ndani ya leso yangu. Ndiyo hii. Kuleni.