Siku Tulipomlaza Mume Wangu Mtumbwini

Mume wangu hukimbia. Hafukuzwi na mtu wala hawahi kitu. Anaamka tu, anafunga kamba za raba zake na kupotelea kwenye vijia vya Keza mpaka jua lichomoze. Nilipoolewa huku nikitokea Nyabusozi, kule Biharamulo, niliona aibu. Kwetu mtu mzima akionekana anakimbia, watu hutoka nje kuuliza nani amefariki. Wanawake wa hapa walinitania chemchemini kwamba mwanamume huyu ananitoroka kila alfajiri, ila hajapata pa kwenda.

Mwaka ule kata iliandaa mbio ndefu za kuzunguka vijiji na kuishia uwanja wa shule ninayofundisha. Ilikuwa kiangazi. Tangazo lilisema mbio zitaanza alfajiri, kabla jua halijawa kali, na huo ulikuwa mpango mzuri. Lakini kulikuwa na mgeni rasmi. Huku kwetu hakuna kinachoanza bila mgeni rasmi, na mgeni rasmi hafiki mapema, la sivyo watu watadhani hana kazi nyingine. Alipofika, bati za madarasa zilikuwa zimeshaanza kulia kwa joto. Akahutubia kwa utulivu juu ya umuhimu wa mazoezi, wakimbiaji wamesimama juani mbele yake. Nikiikumbuka hotuba ile hasira hunipanda hadi leo. Wote tuliona jua limekwenda, na hakuna aliyesema, kwa kuwa kumwambia mkubwa kwamba amechelewa ni utovu wa adabu. Sisi tuna adabu sana.

Walipoondoka nilikwenda kumsubiri mume wangu kwa mama mkwe, maana njia ya mbio inapita mbele ya migomba yake. Siku hiyo walikuwa wanakamua ndizi. Wageni wa posa ya wifi yangu wangefika siku chache mbele, na kuwapokea bila pombe ya ndizi ingekuwa ni kuwafukuza. Mtumbwi wa kukamulia, gogo zima lililochongwa ndani na kuachwa na tumbo refu la kumtosha mtu kulala, ulikuwa umejaa maji matamu ya ndizi. Kando yake, kivulini, yalipangwa madumu ya maji ya chemchemi ya kuchanganyia.

Mume wangu aliibuka kwenye kona akiyumba kama mtu aliyetoka kilabuni. Nilikwenda mbio kumpokea. Ngozi yake ilikuwa inaunguza. Akanitazama usoni, mimi mke wake niliye mdogo kwake, akainama kwa heshima zote na kusema, "Shikamoo." Halafu akaanguka.

Watu walicheka kwanza, kisha wakaja mbio. Walimbeba hadi chini ya migomba, na hapo kila mmoja akaanza kumpenda kwa namna aliyoijua. Huku kwetu mgonjwa hufunikwa. Mama mkwe alileta blanketi, jirani akavua kitenge cha pili, mwingine akatupa koti. Mtu akasema ni malaria, imepanda kichwani. Kijana wa bodaboda alikwishawasha pikipiki ili ambebe katikati ya watu wawili mpaka kituo cha afya, na kituo kiko nyuma ya vilima.

Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza kwa walimu. Nilikuwa nimesinzia sehemu kubwa ya mafunzo hayo, lakini kiharusi cha joto nilikisikia, kwa sababu nilimfikiria yeye na ujinga wake wa kukimbia. Mkufunzi alisema mtu akikimbia mpaka mwili ukawa moto na akili ikapotea, ubongo wake unapikwa. Usimsafirishe kwanza. Mpoze hapo hapo, mwili mzima kwenye maji baridi, ndipo umpeleke. Njia ndefu juani ndiyo inayomaliza.

Nikavuta blanketi. Mama mkwe akalirudisha.

"Mama, anahitaji maji. Tummwagie maji baridi mwili mzima."

"Maji baridi kwenye mwili wa moto? Unataka apooze?" Kisha akawageukia wengine. "Leteni blanketi jingine!"

Ndipo nikafanya jambo ambalo mkwe hafanyi. Nilimpigia kelele mama mkwe wangu mbele ya watu. Nilimwambia blanketi lile linamuua mwanawe. Wifi yangu akainamisha macho. Sikumchukia mama yule, hata kwa dakika ile. Alikuwa amemlea mtoto huyu kwenye baridi ya vilima hivi kwa kumfunika, na sasa mgeni kutoka Biharamulo anamwambia amvue nguo amtose majini. Ningekuwa yeye, ningenifukuza.

Mama mkwe alipiga magoti, akakishika kichwa cha mwanawe kwa mikono miwili, akamwita kwa jina la utotoni ambalo hata mimi siruhusiwi kulitumia. Mume wangu alifumbua macho na kumtazama mama yake bila kumfahamu.

"Shikamoo mgeni rasmi," akasema.

Mama mkwe alisimama. Alikwenda kwenye mtumbwi, akashika ukingo wake, akauinua peke yake kabla hatujamfikia kumsaidia. Maji yote ya ndizi, posa yote ya binti yake, yalimwagika kwenye mizizi ya migomba.

"Mleteni," alisema.

Tulimvua, tukamlaza ndani ya gogo lile, tukammiminia madumu ya maji. Maji yalimfika shingoni. Yalipoanza kuwa vuguvugu tukayakumba nje na kumwaga mengine, wanawake wakipokezana kushuka chemchemini, na kijana wa bodaboda, aliyekuwa na haraka ya kumsafirisha, akawa anasafirisha madumu. Mimi nilisugua mikono na miguu yake. Nilikuwa nalia na kumtukana mgeni rasmi kwa Kisukuma, ambacho kwa bahati nzuri wengi hapo hawakukielewa. Mama mkwe alikaa kichwani, ameshikilia kidevu cha mwanawe juu ya maji, mikono yake imeganda kwa baridi, hataki kupokelewa.

Tulikaa hivyo hadi nikaanza kukata tamaa. Kisha meno ya mume wangu yakagongana. Mwili wote ukatetemeka. Akafumbua macho, akageuza shingo polepole, akamtafuta.

"Mama," alisema, "nasikia baridi."

Wifi yangu alikimbilia blanketi. Mama mkwe akamzuia kwa jicho.

"Nimesikia, mwanangu," akasema, akachota kopo jingine na kummwagia kichwani.