Majina Arobaini ya Bi Nabiha

Nabiha binti Taha hakuwa mwizi, na hilo lijulikane mapema. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa wadi, tangu enzi za madiwani, katika ofisi ya vyumba viwili ndani ya Mji wa Kale, na hakuwahi kwenda nyumbani hata na kalamu ya serikali. Wakubwa walikuja wakaondoka, yeye akabaki na faili zake na birika lake la kahawa ya tangawizi. Ukitaka barua ya utambulisho, unamwona Bi Nabiha. Bomba likikauka, unamwona Bi Nabiha, naye anakuandikia malalamiko kwa mwandiko mzuri ambao haujawahi kuleta maji.

Alikuwa na daftari moja ambalo halikuwa la ofisi. Lilikuwa la mamake, Bi Hiba, na ndani yake mliandikwa majina ya marehemu wote wa nyumba na wa majirani, ili mwezi wa Shaabani kisomo kikisomwa kila mmoja atajwe na apate Fatiha yake. Bi Hiba alikuwa mkunga katika zahanati ya wazazi iliyo nyuma ya ofisi, miaka thelathini, na nusu ya mtaa ilitokea mikononi mwake. Alipofariki, Nabiha mwenyewe ndiye aliyeliandika jina lake mwishoni mwa daftari.

Sasa kosa lake. Mheshimiwa aliyepita, mwakilishi wa wadi, alitaka zahanati ile ifungwe na kiwanja apewe tajiri mmoja ajenge ghorofa. Sheria inataka wananchi waitwe, wakae, waseme wamekubali. Siku ya kikao mvua ilinyesha kana kwamba mbingu imepasuka, wakaja watu kumi na mmoja. Mheshimiwa akamwambia karani wake, kwa upole ule ule anaoutumia mtu kukuagiza chai, kwamba kufikia asubuhi anataka majina arobaini zaidi.

Karani wa mahali pengine angebuni. Bi Nabiha hakuweza. Katika mji ambao kila mtu anaijua nyumba ya kila mtu, jina lisilo na nyumba lingejulikana mara moja. Kuwaandika walio hai pia hakuthubutu, kwa sababu walio hai huuliza. Basi akalifungua daftari la mamake, akanakili. Alihesabu akapata thelathini na tisa, na la arobaini lilikuwa la Bi Hiba mwenyewe. Alisita sana. Kisha akaliandika, akayatia saini yote kwa miandiko tofauti tofauti, nyingine kwa mkono wa kushoto, akaomba msamaha kwa Mungu akaenda kulala.

Uchaguzi ukaja, yule Mheshimiwa akaanguka, akaingia Khubaib, aliyekuwa mwalimu kule Tudor. Alikuwa mgeni mtaani, mwembamba, na hana mchezo. Wiki ya kwanza alibandika mlangoni mambo yake manne: maji, taka, zahanati, na kila karatasi ya umma kusomwa mbele ya umma. Watu waliyasoma matatu ya kwanza wakacheka, maana wameyasikia tangu utotoni. La nne hawakulicheka. Zahanati ilikuwa ifungwe mwisho wa mwezi, na kila alikokwenda kuitetea Khubaib alijibiwa kuwa wananchi walikubali, majina yao yapo. Akasema vizuri, basi yasomwe. Kila mmoja aitwe, aitike. Wakiitika wote, yeye atanyamaza na zahanati ifungwe. Wasipoitika, ataibeba orodha ile mwenyewe hadi kwenye bunge la kaunti.

Akaiagiza faili. Bi Nabiha aliifungua Jumatatu asubuhi, dirisha wazi, jua limejaa chumbani, akaona saini zile si zake. Kila moja ilikuwa ya mkono wa mwenye jina. Nyingine zilitetemeka kama za wazee, nyingine zilikuwa alama ya dole gumba. Mbele ya jina la marehemu Adamji, muuza misumari wa duka la chini, palikuwa na saini ya Kigujarati, iliyopindwa vizuri mwishoni. Bi Nabiha hajui hata herufi moja ya Kigujarati. Aliipitishia kidole, na kidole kikatoka na wino mbichi.

Hakumwambia mtu. Angesema nini, na kwa nani? Ilibaki miaka miwili apate pensheni, na aibu ya kuwauza maiti haina pa kujifichia. Wakati huo huo Heena, mjukuu wa Adamji, alikuwa na mimba ya miezi minane, na kila akipita mlangoni aliuliza kama zahanati itakuwa wazi siku yake ikifika. Bi Nabiha alimjibu kuwa Mungu ni mkubwa. Aliogopa, na aliyemwogopa zaidi ni yeye mwenyewe.

Kikao kilikuwa Alhamisi baada ya sala ya Alasiri, katika ukumbi wa skuli. Watu walijaa viti vya mbele. Mabenchi ya nyuma yalikuwa matupu. Khubaib akamwomba karani asome, kwa kuwa mwandiko ni wake, mwenyewe akainamia nakala yake na penseli mkononi. Kumi na mmoja wa mwanzo waliitika. Kisha Bi Nabiha akalisoma jina la Adamji, akangoja watu wapige kelele, na kwa kweli alitamani wapige, mambo yaishe.

Kutoka nyuma ya ukumbi sauti ikaitika, "Naam."

Ilikuwa sauti ya mzee, ya taratibu. Bi Amtulla, mjane wa Adamji, aliyeketi mstari wa kwanza na vazi lake la rida la kijani, aliinua kichwa, kisha akakiinamisha. Hakugeuka. Hakuna aliyegeuka. Khubaib alitia alama.

Bi Nabiha akasoma la pili, likaitikiwa. Wanaume waliitika naam, wanawake waliitika labeka, mmoja mmoja, kwa adabu ileile waliyokuwa nayo duniani, maana mtu wa mji huu akiitwa kwa jina lake hawezi kunyamaza. Kila jina lilipoitikiwa, mtu fulani mbele aliijua sauti ya babake, ya shangazi yake, na akayatazama mapaja yake. Harufu ya udi iliingia bila chetezo. Penseli ya Khubaib ilikwenda ikishuka karatasi, na Bi Nabiha akaelewa kwamba wafu wataifunga zahanati kwa heshima zao, kwa sababu yeye ndiye aliyewaita. Hata hivyo aliendelea kusoma, kwa woga tu.

Akafika la arobaini.

"Hiba binti Hussam."

Kimya. Aliita tena. Huyu alikuwa mwanamke aliyeitika hata akiwa na sindano ya kushonea kati ya midomo. Nyuma kule hapakusikika kitu, lakini Bi Nabiha alijua kuwa mamake yumo, kama mtoto anavyojua mamake amekasirika kabla hajamwona uso.

"Hayupo?" Khubaib aliuliza, bado ameinama.

"Yupo, Mheshimiwa. Hataki."

Halafu akayasema yote, mbele ya mtaa mzima: daftari, mvua, mkono wa kushoto. Alilia akisema. Khubaib aliinua uso, akayatazama mabenchi ya nyuma kwa mara ya kwanza, akaiweka penseli chini taratibu sana. Kisha alimwambia karani kuwa kazi ameipoteza, na kwamba majina yale lazima ayafute yeye aliyeyaandika, hapo hapo, watu wakiona.

Bi Amtulla alisimama, akamshika Bi Nabiha mkono uliokuwa na kalamu.

"Mfute na Adamji, mwanangu," alisema. "Yule akiitwa huitika tu. Kukataa hajui."

Bi Nabiha akaanza na mamake, akapanda juu, mstari mmoja kwa kila jina. Na kila alipopiga mstari, benchi moja la nyuma lilitoa mlio, kama linavyolia mtu mzima anapoinuka kwenda zake nyumbani.