Mawese Kwenye Mnyororo wa Baba

Kijana wa pikipiki anayekaa nyumba ya jirani huosha mnyororo wake Jumapili asubuhi, karibu kabisa na dirisha langu. Harufu ya petroli huingia ndani bila hodi, na mimi, badala ya kugomba kama wazee wenzangu, huvuta kiti nikasogea. Pua yangu haijali kwamba ni petroli. Inanirudishia mafuta ya taa ndani ya kopo la maziwa, na baba yangu aliyechutama uani, hapa hapa Kasongo, enzi za Wabelgiji, wakati meno yangu ya mbele yalikuwa yameng'oka na mapya hayajatokeza.

Baba alikuwa fundi cherehani. Baiskeli yake, ambayo huku kwetu tunaiita kinga, ilimpeleka kwenye masoko mpaka Lusangi, cherehani ikiwa imefungwa nyuma kwa kamba. Aliipenda mno, hata mama akamtania kwamba ameoa mke wa pili asiyejua kupika. Alipangusa hata kile kibati cha kodi ya Leta, yaani serikali, kilichogongomewa mbele. Lakini mapenzi yake hasa yalikuwa kwenye mnyororo, au sheni kama tusemavyo huku.

Aliushughulikia Alhamisi, ili Ijumaa aende msikitini na kucha safi. Aliigeuza kinga miguu juu, akafungua kiungo kimoja kwa ncha ya kisu, akauvuta mnyororo taratibu na kuuzamisha ndani ya kopo. Mafuta ya taa yaligeuka meusi mara moja. Aliusugua kwa brashi, akautundika uchuruzike, kisha akaukausha kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye ushonaji, kwa hiyo mnyororo wetu ulipanguswa kwa kitambaa cha maua, cha mistari, hata cha hariri. Ukisharudi mahali pake alitia tone la mafuta ya cherehani kwenye kila kiungo, akizungusha pedali kwa mkono. Mwisho alipangusa tena, na hapo ndipo mimi sikumwelewa. Mtu anatia mafuta halafu anayafuta?

"Mafuta ya juu inaita vumbi, Zuhura," aliniambia. "Ile ya ndani ndiyo inafanya kazi."

Sasa, mama alitoka upande wa Wamaza, kwa watu wa shamba na wa kanisa. Babu, baba yake, alikuwa amemchagulia mume wa huko huko. Mama akaolewa na fundi wa mjini, Mwislamu, na babu akafunga mlango. Tangu nizaliwe sikuwahi kuuona uso wake. Mama hakulalamika, ila alipokuwa akitwanga aliimba nyimbo za kwao, na baba alisimamisha cherehani akasikiliza.

Ndipo siku moja mtu wa kwao akapita na ujumbe wa mdomo: babu amesema tuende, amwone mtoto. Mama alikaa chini palepale, kwenye sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akiyachambua, akalia huku anacheka. Hata mimi nilijua kwamba tukikosea safari hiyo, mlango ule hautafunguliwa tena.

Baba aliuosha mnyororo kama anayeosha bwana harusi. Lakini alipoishika chupa ndogo ya mafuta ya cherehani, ilikuwa tupu. Akazunguka madukani, akarudi mikono mitupu. Akasema basi, tutakwenda hivyo hivyo, mnyororo mkavu hautamuua mtu.

Mama hakuridhika. Kwao mawese, yale mafuta mekundu ya michikichi, ni dawa ya kila kitu: yanaingia kwenye chungu, kwenye taa, kwenye ngozi ya ngoma na kwenye bawaba ya mlango. Alfajiri, baba akiwa anaswali, nilimwona akichota mawese na kuupaka mnyororo mzima, kwa upendo, bila kubakisha kiungo. Baba alipotoka aliukuta uking'aa kwa wekundu kama sahani ya karamu.

"Sheni ilikuwa na kiu, Baba Zuhura," mama akasema.

Baba aliutazama mnyororo, akamtazama mama aliyekwisha kujifunga kitambaa chake kizuri. "Aksanti, Mama Zuhura," akasema. "Tupande."

Mimi nikakaa mbele kwenye chuma, mama nyuma. Mwanzoni kinga iliteleza bila sauti na mama akaanza kuimba. Kumbe Leta ilikuwa imewatuma watu wa barabara kumwaga udongo mpya, mwekundu, laini kama unga, kwa sababu mkubwa fulani alitarajiwa kupita. Udongo ule ukayapenda mawese. Ukapanda kwenye mnyororo, ukashikamana, ukawa kama ugali uliokosa maji. Baba alikanyaga, akahema, akakanyaga. Nyimbo zikaisha. Mnyororo ukaruka, akaurudisha, ukaruka tena, hadi mwisho akaacha na tukatembea, yeye akisukuma.

Ndivyo tulivyoingia kwa babu alasiri ile: kanzu nyeupe ya baba ina alama za vidole, mikono yake myekundu mpaka kwenye viwiko. Babu alikuwa amekaa mbele ya nyumba, mrefu, mkavu, na majirani wamejaa kumwona huyo mtu wa mjini. Mama alimpa baba yake maji ya kunywa kwa mikono miwili, kwa magoti, kama desturi. Babu akanywa. Kisha akainuka, akaizunguka kinga, akagusa mnyororo kwa kidole, akanusa.

"Ni nani alipaka sheni mawese?"

Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Nikafungua mdomo wangu wa pengo niseme ukweli, maana nilifundishwa kusema ukweli, na mama akanikanyaga mguu.

"Ni miye, baba mukwe," baba akasema, macho chini. "Mafuta ya mashini iliisha. Nikafikiri mawese nayo iko mafuta tu."

Babu akapasuka kicheko. "Watu wa mujini! Sombe ndiyo wanatia mawese, haiko kinga!" Uwanja mzima ukacheka. Mwanamke mmoja ilibidi ajishikilie kwenye ukuta.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Baba yangu, bingwa wa minyororo, amesema uongo, tena uongo wa kijinga! Lakini babu alikuwa ameshamimina mafuta ya taa kutoka kwenye taa yake mwenyewe, na akachutama. Kwao mkwe hasogeleani na baba mkwe. Siku ile walichutama bega kwa bega juu ya kopo moja, babu akimfundisha baba kuosha mnyororo, na baba akiitikia, "Ndiyo, baba. Kumbe ni vile." Walitia mafuta ya mbarika, yale ya kupaka watoto wachanga, na baba hakuthubutu hata kuyapangusa ya juu mpaka alipoambiwa.

Tangu hapo tulikwenda kwa babu kila tulipotaka, na kila mara alisimulia habari ya fundi aliyepikia kinga yake. Baba alicheka kuliko wote.

Nilipokuwa mkubwa, nikiwa nimeolewa, nilichoka kumsikia baba akichekwa. Nikamwambia babu tukiwa wawili tu kwamba aliyepaka mawese alikuwa mama.

"Unafikiri sikujua?" babu akasema. "Mama yako alinipatia maji, vidole yake yote iko manjano mpaka ku kucha. Nikauliza makusudi, nione ule mwanaume atafanya nini. Akakubali kuitwa mujinga mbele ya watu wote. Nikasema, huyu, nimuachie mutoto wangu."

Yale niliyoyaita uongo wa kijinga ndiyo yaliyotufungulia mlango, na mimi nilikuwa karibu kuufunga kwa ukweli wangu. Mama nilimwambia, lakini baba hatukumwambia kamwe. Mpaka uzee wake aliamini kwamba alimdanganya mkwewe vizuri sana, na babu, mama na mimi tukamwachia furaha yake hiyo.